Arobaini kwa Arobaini

Bweni la Tatu, chumba namba 212
12 Januari

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta salama, na goti lako limeacha kukusumbua kwenye ngazi za ofisi. Mimi ni mzima, nikiondoa baridi. Baridi ya huku haina adabu hata kidogo, inaingia bila hodi na haiagi. Tunalala wanne chumbani, na mwenzetu wa kitanda cha juu tumembandika jina la Jenereta kwa namna anavyokoroma. Akinyamaza ghafla tunaamka sote kwa hofu.

Masomo yanakwenda. Muhula uliopita nilikuwa wa tatu katika sisi arobaini tuliotoka nyumbani. Sasa naweza kufungua sanduku la taa za ishara, nikalirekebisha na kulifunga, na treni mbili zisigongane. Juzi nilimweleza mwalimu wetu kwamba kwetu watu hawahangaiki na majina ya nchi kubwa: hawa wa huku tunawaita Wa Reli kwa sababu walitujengea reli, na mahasimu wao tunawaita Wa Dawa kwa sababu walitujengea hospitali. Akacheka mpaka akavua miwani. Kisha akaniuliza, safari hii bila kucheka, "Na nyinyi wenyewe, wao wanawaitaje?"

Sasa shida yangu. Chuo cha udaktari cha Wa Dawa, kile kilichonikataa mwaka juzi, kimetangaza nafasi tena. Sharti ni kwamba mpaka tarehe 30 Septemba mwombaji awe hajatimiza miaka ishirini na mitano. Mimi natimiza mwezi wa Oktoba, kwa hiyo hii ndiyo mara yangu ya mwisho. Aliyewahi kuomba anatakiwa kuambatisha jibu alilopewa mwanzo. Jibu langu lilipitia ofisini kwako, nawe ukaniambia kwa mdomo kwamba nimekataliwa. Karatasi yenyewe sikuiona. Nitafutie, tafadhali, unitumie. Najua Serikali imenileta huku nisomee reli, na siidharau kazi ya reli. Lakini wewe unajua moyo wangu uko wapi tangu siku zile za Bibi pale wodini.

Wasalimu wote. Mwambie binti yako, dada yangu Chiriku, ukimwandikia huko chuoni kwa Wa Dawa, kwamba daktari mtarajiwa hawezi kukosa muda wa kuandika mistari miwili.

Mimi mwanao.


Nyumbani
24 Februari

Mwanangu,

Marahaba, marahaba sana. Barua yako imefika ikiwa imefunguliwa na kubandikwa tena kwa gundi. Waliosoma nao nawasalimu.

Goti bado lipo, linatabiri mvua kuliko redio. Nikisema redio nakumbuka baba yako. Kaka yangu huyo na ufundi wake! Ameitengeneza redio ya jirani mpaka sasa inashika stesheni moja tu, na jirani anaambiwa ashukuru kwa kuwa zile nyingine zilikuwa za upuuzi. Mama yako mgongo umepoa. Baba yako bado anawaambia wateja kwamba wewe uliteleza kwenye usaili wa udaktari, ndiyo maana ukaishia reli. Usimnunie, ni maumivu ya mzazi, kila mtu anatoa kwa njia yake. Chiriku amemaliza mwaka wa kwanza salama, amekata maiti bila kuzimia, ingawa anasema alikaribia.

Kazini tumekuwa na wiki ya vichekesho. Mabalozi wote wawili, wa Wa Reli na wa Wa Dawa, waliomba kumwona Waziri siku moja. Sisi wa itifaki ndio tunaopanga nani apite wapi, akae wapi, apewe nini. Nikampitisha mmoja mlango wa mbele na mwenzake mlango wa bustani, na mlango wa bustani nikautandikia zulia refu zaidi ili asijione amepitishwa uani. Dakika arobaini kwa huyu, arobaini kwa yule, chai kwenye vikombe vya seti moja. Dakika kumi kabla hawajaingia nikagundua mto wa kiti kimoja umevimba kuliko wa pili. Nikaamuru mito yote itolewe. Wakakaa kwenye mbao tupu, wote wawili, na wote wawili wakaondoka wanasifu mapokezi.

Kula vizuri. Vaa soksi mbili mbili, usione aibu.

Shangazi yako.


Bweni la Tatu
28 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia habari za nyumbani, na kisa cha mito nimewasomea wenzangu mpaka Jenereta akaanguka kitandani. Soksi navaa tatu.

Ila nimeisoma barua yako mara nne nikitafuta jibu la ombi langu, sikuliona. Nadhani lilidondoka pale walipobandika gundi. Nakuomba tena: nitumie ile barua ya kukataliwa, au hata namba yake ya kumbukumbu tu.

Huku mambo yamebadilika kidogo. Imetangazwa kwamba nyumbani tumewapa Wa Dawa kazi ya kujenga bandari mpya, hatua chache kutoka pale reli ya Wa Reli inapoishia. Siku iliyofuata mama wa kantini, aliyekuwa akinizidishia supu na kuniita mwembamba wangu, alinipakulia kijiko kimoja akageuka. Mwalimu wetu aliandika kwenye ubao swali la hesabu, kisha akaliacha, akatuuliza mbele ya darasa: "Nyinyi ni wa nani hasa?" Tulitazama madaftari.

Nami nakuuliza wewe uliye jikoni: kwa nini hatuchagui? Njia mbili zilimshinda fisi. Na mshika mbili, moja humponyoka. Hizi methali ni zetu wenyewe, hatukuazima kwa mtu.

Mwanao.


Nyumbani
9 Mei

Mwanangu mpenda methali,

Marahaba. Sote wazima. Baba yako alianguka kwenye ngazi akipandisha waya wa antena, hakuumia popote ila kiburi. Chiriku ameanza kuzungushwa wodini, anasema miguu inawaka moto.

Umeuliza swali la watu wazima, nitakujibu kama mtu mzima. Wakati naanza kazi, karani wa kupiga chapa, sisi tulikuwa wa Wa Reli mwili na roho. Wakatuomba meli zao za vita zitie nanga kwetu. Serikali ikasema tupeni wiki moja tufikirie. Wiki moja tu! Vipuri vikaacha kuja. Treni zilisimama miezi saba, majani yakaota katikati ya mataruma ya reli na mbuzi wakawa wanalishwa stesheni kuu. Tukakasirika, tukafunga ubalozi wao, tukakimbilia kwa Wa Dawa kwa shangwe na vigelegele. Miaka miwili baadaye, kwenye mkutano mkubwa wa mataifa, mjumbe wetu alinyoosha mkono upande ambao Wa Dawa hawakuupenda. Hakuna aliyetugombeza. Ila meli ya dawa ya mwezi ule haikufika, na ya mwezi uliofuata haikufika. Walisema ni karatasi zimechelewa.

Wewe ulikuwa na miaka kumi na minne, ndiye uliyekuwa ukimpeleka Bibi yako kudungwa sindano za sukari. Unakumbuka yule muuguzi aliyekuwa anafungua kabati tupu na kulifunga, anafungua na kulifunga, kana kwamba safari hii ataikuta sindano? Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yako. Bibi yako kwangu alikuwa mama. Siku tuliyomzika nilijua hasa nini maana ya siasa ya nchi za nje.

Kwa hiyo usiniambie habari za fisi. Muuzaji akiwa mmoja hukupangia bei; wakiwa wawili hukuita mteja. Wa Reli wanatupa vipuri kwa sababu wanajua Wa Dawa wako mlango wa pili, na Wa Dawa wanaleta sindano kwa sababu wanajua Wa Reli wanasubiri wao wakosee. Kila zulia ninalolipima, kila kikombe, ni ili kabati lile lisiwe tupu tena. Watu wanaita uoga. Mimi nakwambia ni kazi, na inachosha. Na huyo aliyesema mshika mbili moja humponyoka hakuwahi kushika moja, ikaponyoka, akabaki anatazama viganja.

Karatasi za mwaka juzi zimehamishiwa ghala la zamani na paa linavuja. Nitaangalia nikipata nafasi.

Shangazi yako.


Bweni la Tatu
2 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini hamjambo wote. Mimi sijambo.

Barua yako ya Mei iliniliza, na sioni haya kukwambia. Nilikuwa sijui kwamba nawe uliliona kabati lile. Nilidhani niliyeliona ni mimi peke yangu, na kwamba ndiyo maana nataka udaktari.

Lakini paa la ghala halikunipa usingizi, maana Septemba haisubiri mafundi wa mabati. Kwa hiyo, bila kukwambia, niliwaandikia chuo mwenyewe kuomba nakala ya jibu lao. Limefika juzi. Ninanukuu: "Ulikubaliwa kujiunga na kitivo cha udaktari. Siku kumi na moja baadaye tulipokea barua yako ya kujitoa, nasi tukaheshimu uamuzi wako." Wameambatisha nakala ya barua hiyo ya kujitoa. Ina jina langu na saini yangu.

Mimi sikuiandika. Wala sikuwahi kujua kwamba nilikubaliwa. Siku ile uliponiambia nimekataliwa nililia nyuma ya duka la Baba mpaka mteja mmoja akadhani nimefiwa. Na Baba alikaa wiki nzima haniangalii usoni.

Hiyo saini, Shangazi, ina mkia ulioviringwa chini ya herufi ya mwisho. Mimi simalizi herufi hivyo. Wewe ndiwe uliyenishika mkono kunifundisha kuandika, naujua mwandiko wako kama ninavyoijua sauti yako. Nimekaa na karatasi hii siku mbili nikitafuta mtu mwingine wa kumdhania. Nimewadhania wote, mpaka wale wa gundi.

Niambie.


Nyumbani
11 Agosti

Mwanangu,

Barua yako ina wiki tatu mezani kwangu. Nimeanza kuijibu mara saba. Baba yako na mama yako wazima, sikuwaambia kitu.

Ni mimi.

Mwaka juzi nafasi zilitangazwa kwa makubaliano: vijana arobaini waende kwa Wa Reli, arobaini kwa Wa Dawa, orodha zote mbili zitoke gazetini siku moja, ukurasa mmoja, safu mbili. Mwaka uliotangulia tuliwazidishia Wa Dawa watu wawili, bahati mbaya tu, watoto walifaulu hivyo. Balozi wa Wa Reli alihesabu. Vipuri vyetu vilikaa bandarini kwao miezi mitatu. Safari hii waliofaulu wakawa arobaini na mmoja kwa Wa Dawa, na thelathini na tisa kwa Wa Reli. Orodha ilikuwa itiwe saini saa nane mchana. Saa nne asubuhi mkuu wangu akaniwekea karatasi mbele, akasema, "Wewe ndiye bingwa wa kusawazisha. Sawazisha."

Ningemtoa mtoto wa nani? Ukimgusa mtoto wa mfanyabiashara, baba yake yuko kwa Waziri kabla ya chakula cha mchana. Ukimgusa mtoto wa mkulima, anafika hapa na kijiji kizima na cheti kwenye mfuko wa plastiki, analia, ana haki. Kila jina lilikuwa na mtu nyuma yake wa kuuliza. Nikaona kama ni lazima mtu aumie, basi aumie wa kwangu, nisimwage damu ya mtu baki. Nikachukua wa nyumbani. Niliandika ile barua ya kujitoa kwa sababu chuo hakiwezi kumfuta mtu asiyeomba kufutwa.

Mwaka ule vipuri vilikuja kwa wakati na dawa zilikuja kwa wakati. Sisemi hivyo kujisafisha. Nasema kwa sababu ni kweli.

Nisamehe. Shangazi yako.


Bweni la Tatu
24 Agosti

Shangazi,

Shikamoo.

Kwenye orodha ya Wa Dawa, wa kwako tulikuwa wawili.

Umeandika kurasa mbili za mtoto wa mfanyabiashara na mtoto wa mkulima, na Chiriku hukumtaja hata kwa herufi. Barua zako zote za mwaka huu zina Chiriku: Chiriku amekata maiti, Chiriku miguu inawaka. Hii moja tu haina. Unasema ulichukua wa nyumbani. Ulikuwa na wa nyumbani wawili mbele yako, mwanao na wa kaka yako, na kalamu haikukosea njia. Chiriku simlaumu, hajui kitu, na nampenda. Lakini alama zangu zilikuwa juu ya zake, na wewe ulizijua.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Nilidhani wanasema chawa.

Sitaki maelezo mengine. Nataka jambo moja, na bado linawezekana. Waandikie chuo kwamba mimi sikujitoa. Maneno mawili: "Kijana hakujitoa." Wanasema aliyejitoa haruhusiwi kuomba upya, lakini wamenihakikishia kwamba wakiyapata kutoka ofisi iliyotuma barua ile, kabla ya tarehe 30 Septemba, nafasi yangu ya mwaka juzi bado ni halali na sihitaji usaili. Baada ya tarehe hiyo nitakuwa nimepitwa na umri, na hakuna mlango mwingine. Najua utapata matatizo kazini. Mimi nimekuwa na matatizo tangu mwaka juzi, ila sikuwa na habari nayo.

Mwanao.


Nyumbani
12 Septemba

Mwanangu,

Ndiyo. Mlikuwa wawili.

Nilijiambia wewe ni mwanaume, utavumilia. Nilijiambia una akili, utang'ara popote watakapokupeleka. Nilijiambia baba yako ni mtu wa vyuma na nyaya, huenda reli ikampendeza. Nilijiambia mengi saa ile, mwanangu, na yote yalikuwa na mantiki. Ukweli ni kwamba nilimwona Chiriku na kifua chake kile dhaifu amesimama kwenye theluji, roho ikanitoka. Wewe sikukuona kwenye theluji. Sikukutazama. Hilo ndilo kosa langu na nitalilipia kwa Mungu.

Lakini nina habari njema. Nimeandika! Nimeandika na barua imeondoka kwa mfuko wa ubalozi, itafika mapema kuliko hii yako. Sikulala kwa kuipima. Fikiria mwenyewe: nikiandika wazi kwamba hukujitoa, Wa Dawa watajua ofisi yetu ilighushi saini, na Wa Reli watajua walipewa kijana asiyetaka kwenda kwao. Mabalozi wote wawili watakuja siku moja, na safari hii hakuna zulia litakalotosha. Kwa hiyo nimeiandika kwa namna ambayo inakusaidia wewe bila kumuumiza mtu. Nakunakilia kiini chake:

"Ofisi hii inathamini sana uhusiano mwema uliopo kati yake na chuo chenu. Kuhusu kijana tajwa, ofisi inafahamu kuwa palitokea mabadiliko ya mpangilio, yaliyofanyika kwa nia njema na kwa kuzingatia maslahi ya pande zote. Ofisi haitakuwa na pingamizi endapo chuo kitaona inafaa kulitazama upya suala lake, na vilevile haitakuwa na pingamizi endapo chuo kitaona vinginevyo."

Mkuu wangu ameisoma, amesema katika miaka yake yote hajaona barua iliyokaa sawa kama hii. Wenye akili wataelewa. Jiandae kufunga mizigo, mwanangu. Nimeanza kulala tena.

Shangazi yako anayekupenda.


Bweni la Tatu
2 Novemba

Shangazi,

Shikamoo. Naiandika kwa sababu nililelewa kuiandika.

Chuo kilinijibu tarehe 9 Oktoba. Wanasema walipokea barua ya ofisi yenu, wakaisoma kwenye kikao, wakairudia, na hawakuona mahali inaposema kwamba sikujitoa. Wanasema ilikuwa barua ya heshima sana. Tarehe 14 nilitimiza miaka ishirini na mitano. Jenereta alininunulia keki ndogo, nikala.

Nataka nikwambie kwamba mambo ya nchi nimeyaelewa, na nakubaliana nawe. Mwalimu ameniuliza tena sisi ni wa nani, nikamjibu kwamba sisi ni wa kabati lisilokuwa na sindano, na kwamba tutanunua sindano kwa yeyote na vipuri kwa yeyote, na asikasirike, maana angekuwa sisi angefanya hivyohivyo. Alirudi ubaoni, akaendelea na hesabu. Ningekuwa Waziri ningepima mazulia kama wewe. Nchi ndogo kati ya wakubwa wawili ina haki ya kusema ndiyo na hapana kwa pumzi moja. Siinyimi nchi yangu haki hiyo.

Mimi sikukuomba kama nchi. Nilikuomba maneno mawili kama shangazi yangu, uliyenishika mkono nikajua kuandika, uliyesimama nyuma yangu mama yako akifa. Na wewe ukanipimia. Mara ya kwanza ulikuwa na saa nne, mkuu wako amekusimamia, unaogopa. Hiyo ningeweza kuisamehe, naamini ningeweza. Safari hii ulikuwa na wiki nzima, unajua ni mimi, unajua ni tarehe ngapi, ukakaa kwenye meza yako ukanisaidia kwa neno "vinginevyo". Na ukalala. Nimejaribu kutafuta neno la kistaarabu nikalikosa. Umenisaliti, Shangazi, mara mbili, na mara ya pili ukanitumia nakala nisome nifurahi.

Nitamaliza masomo ya reli. Nitayamaliza vizuri, kwa sababu treni hazina kosa.

Baba nimemwandikia. Nilimtumia nakala mbili, ile ya kukubaliwa na ile ya kujitoa, bila neno la ziada. Mwandiko wako anaujua tangu mkiwa watoto. Jibu lake limekuja jana, na unajua Baba si mtu wa maneno. Anasema: "Mwanangu, miaka miwili nimewaambia watu kwamba uliteleza. Nimefunga duka. Nawazungukia mmoja mmoja makwao kuwaambia kwamba nilisema uongo bila kujua. Nikiwamaliza nitakwenda kwa dada yangu."

Nadhani barua hii na yeye watakufikia wiki moja. Hatakuja kugombana, simjui hivyo. Atakuuliza swali moja tu. Shangazi, nakusihi kwa mara ya mwisho, mjibu ndiyo au hapana.

Mtoto wa kaka yako.